Kungojea Unyanyembe

Tarehe 14 Machi mwaka 1872 Henry Morton Stanley alifunga mizigo yake katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora katika nchi ya Unyanyembe, akaagana na Dakta David Livingstone, akashika njia ya pwani. Na tangu asubuhi ile hata tarehe 25 Agosti, siku 164 kwa hesabu, mzee yule, ambaye alitimiza umri wa miaka 59 siku tano baada ya kuagwa, hakuwa na shughuli iliyo kubwa kuliko kungoja. Alikuwa akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwaajiri Unguja na kumpelekea. Alisoma vitabu vya wasafiri waliomtangulia, akapitia tena hesabu za nyota alizozipima njiani, akatengeneza jibini ya maziwa ya ng'ombe wake iwe akiba ya safari, akaandika barua, akangoja tena. Barua mojawapo aliiandika tarehe 1 Mei juu ya uovu wa biashara ya watumwa, na maneno yake ya mwisho yamechongwa katika jiwe la kaburi lake ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London. Mwaka mmoja kamili baada ya tarehe ile alikuwa maiti kijijini kwa Chitambo. Kwa hiyo yale maneno ambayo ulimwengu humkumbuka kwayo hayakuandikwa mbugani wala kando ya ziwa. Yaliandikwa na mtu aliyeketi mahali pamoja, asiye na wapagazi, akitazama njia.

Wageni waendao Kwihara leo aghalabu huenda kuona nyumba ya mzungu mashuhuri, nami sina neno la kuwalaumu, maana jina lake ndilo lililoihifadhi nyumba hiyo pindi mamia ya matembe mengine ya Unyanyembe yaliporudi kuwa udongo. Lakini nyumba ile haikujengwa kwa ajili yake. Ilikuwa maskani ya Waarabu wa njia kuu ya misafara, na Stanley na Livingstone walikuwa humo wageni kama walivyokuwa wageni wengine kabla yao na baada yao. Nasema haya kwa sababu siku hizi, kila penye athari ya kale inayozuriwa na watu, huzuka shauri la kuwawekea wazuru mahali pa starehe pa kungojea zamu yao, penye kivuli, viti na maji. Na shauri hilo huletwa kana kwamba ni jambo geni lililokuja pamoja na utalii. Kwingineko yamkini ni geni. Katika Tabora ni la asili, na ni la asili kuliko hata jina la mji, kwa kuwa mji huu wote uliota na kukua mahali ambapo watu walilazimika kungoja.

Sharti la kwanza la kungoja lilikuwa sharti la wapagazi. Msafara uliotoka Bagamoyo ukapanda hata Mpwapwa, ukavuka nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji matamu, ukatoa hongo ya kupita kwa mtemi baada ya mtemi katika nchi ya Ugogo, kisha ukapenya pori la Mgunda Mkali ambalo jina lake latosha kuwa maelezo, uliingia Unyanyembe ukiwa hoi. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, kitongoji cha Waarabu kilichokuja kumezwa na Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka 1857, siku ya 134 tangu kuiacha pwani. Na papo hapo, mwenye msafara alipotua moyo akidhani kwamba taabu zimekwisha, wapagazi wake walitua mizigo na kwenda zao. Hawakuwa watoro. Aghalabu walikuwa Wanyamwezi, nao Unyamwezini ndiko kwao. Mkataba wao ulikuwa wa kufika hapo, ujira wao umetimia, wake zao na mashamba yao yawangoja. Atakaye kuendelea mpaka Ujiji au Karagwe na atafute watu wengine, awape posho na nguo, apatane nao upya. Na kama mvua zimekwisha kuanza kunyesha, basi apatane na ukuta, maana Mnyamwezi mwenye shamba hakukubali kujitwika frasila mbili za merikani au pembe za ndovu katika majira ya kulima, hata angeahidiwa nini. Msimu wa jembe ulikuwa sultani mwenye nguvu kuliko sultani wa Unguja. Burton mwenyewe, pamoja na haraka yake na maneno yake makali juu ya kila mtu, alikaa Kaze zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kupata watu wa kumpeleka Tanganyika.

Sharti la pili lilikuwa vita. Mtemi Mnywa Sele, aliyemrithi Fundikira, alipotaka kutoza ushuru juu ya bidhaa za Waarabu, nao wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake, nchi iliwaka moto kwa miaka mingi, naye Mnywa Sele akawa mtu wa kutangatanga na kuvizia njia mpaka alipouawa mwaka 1865. Speke, aliporejea Kaze pamoja na James Grant mwaka 1861, alikuta wapagazi wote wamejificha kwa hofu ya vita hiyo, akapoteza miezi akienda mbele na kurudi nyuma. Muongo mmoja baadaye alitokea Mirambo wa Urambo, jemadari ambaye Waarabu walimwita jambazi na wajukuu wake humwita shujaa, akaifunga njia ya Ujiji kama mtu afungavyo mlango wake. Njia ikifungwa, misafara ilirundikana Unyanyembe, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na tajiri wake, kirangozi wake, mizigo yake na matumbo yake ya kulishwa.

Husemwa kwamba jina Tabora limetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikauke. Mimi naliamini simulizi hilo kwa sababu ya tumbo zaidi kuliko ya lugha: viazi vya namna hiyo ni chakula cha mtu aliye safarini au cha mtu asiyejua ataondoka lini, chakula kisichoharibika upesi wala kudai mpishi hodari. Mji mwingine hujiita kwa mto wake au kwa mlima wake. Huu, kama simulizi ni kweli, umejiita kwa riziki ya wangojao.

Sasa na tuitazame nyumba yenyewe. Tembe si mali ya Waarabu. Ni ujenzi wa wenyeji wa bara, wa Wagogo, Wanyamwezi na jirani zao, nyumba ya miti na udongo yenye paa bapa lililotandazwa magogo na kumwagiwa tabaka la udongo juu yake, iliyopinda pembe nne kuuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Wageni kutoka pwani na Omani waliichukua sura hiyo wakaikuza. Kuta wakazifanya nene, paa wakaliinua, ghala za pembe na nguo wakazipa milango imara, sehemu ya wanawake wakaitenga nyuma. Na mbele ya yote wakaweka kitu ambacho tembe la mkulima halikukihitaji sana, yaani baraza. Paa lilitokezwa mbele likashikwa na nguzo, na chini ya kivuli chake kikajengwa kiti kirefu cha udongo uliopigwa, ambacho siku za kawaida kilitandikwa mikeka, na siku za wageni watukufu kikatandikwa mazulia. Kutoka hapo mlango, mara nyingine wenye nakshi kama za Unguja, ulimwingiza mtu katika sebule yenye viti vya udongo pande zote mbili. Na wageni wengi hawakupita hapo hata siku ya kuondoka.

Wasiowahi kulala ndani ya tembe hulisifu kupita kiasi. Wadudu hawakosi, na paa la udongo huvuja pale mvua inapokaza, likamwangushia mwenye nyumba matope kitandani. Lakini hakuna ajuaye jua la Tabora, saa saba mchana, katika mwezi wa Septemba, atakayethubutu kukidharau kivuli cha ukuta mnene. Waliojenga baraza lile walijua wanajengea nani: mtu aliyechoka, ambaye hatafanya kazi leo wala kesho, anayehitaji kuketi mahali penye upepo ambapo ataiona njia na njia itamwona.

Na kuketi huko kulikuwa na taratibu zake. Msafara ulipokaribia, barugumu zilipigwa, bunduki zililia, bendera zilikunjuliwa, na hata mpagazi aliyekonda alijivika nguo aliyoitunza tangu pwani kwa ajili ya saa ile. Waarabu walitoka na kanzu zao nyeupe, wakatoa salamu, wakampeleka mgeni nyumbani alikoandaliwa, kisha wakafanya jambo la adabu ambalo wengi wetu tumelisahau: walimwacha. Siku ya kwanza ilikuwa ya mgeni na uchovu wake. Ziara zilianza kesho yake, naye alipaswa kuzirudisha, nyumba kwa nyumba, kwa taadhima inayolingana. Burton ameeleza kwamba ilikuwa desturi kumpelekea mgeni mbuzi na mzigo wa mchele mweupe wa nchi ile, kuwa heshima ya mgeni. Na mwenyeji wake, Snay bin Amir, Mharthi aliyeanza kazi Maskati akitengeneza vitu vitamu kabla ya kuwa tajiri wa pembe na watumwa, alipita kiwango hicho kwa mbuzi wawili na ng'ombe wawili, akaendelea kuleta ndizi, ndimu, vitunguu, ukwaju na kahawa ya Karagwe. Stanley alipofika Kwihara mwezi Juni mwaka 1871, liwali wa Unyanyembe, Said bin Salim, ambaye miaka kumi na minne nyuma alikuwa mkuu wa msafara wa Burton, alimkaribisha barazani. Na haukupita muda likaletwa sinia lenye wali na kuku wa mchuzi, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na malimau. Mtu aliyetoka kula uji wa mtama wa Ugogo hawezi kuliandika sinia kama hilo kwa kalamu baridi, na Stanley hakuliandika hivyo.

Watu wa pwani hupenda kusema kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Unyanyembe methali hiyo ilipinduka. Mgeni wa huko alikuwa wa mwezi, wa miezi, na mara nyingine wa maisha; na jembe alipewa kweli, walakini si la kulimia. Majembe ya chuma ya Unyamwezi yalikuwa bidhaa iliyobebwa na misafara irudiyo pwani, kwa kuwa Wagogo waliyapokea kuwa hongo. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Tippu Tip, ni mfano wa mgeni aliyengoja mpaka akawa mwenyeji: alijenga Ituru, karibu na Tabora, akamwoa Karunde binti Fundikira, na mwanawe alipotunga habari za maisha yake kwa Kiswahili, Tabora imo humo kama nyumbani kwa baba. Katika Unyanyembe mtu hakuulizwa ataondoka lini. Swali hilo lingekuwa utovu wa adabu, tena lisingekuwa na jibu.

Lakini nikiishia hapa nitakuwa nimesimulia nusu ya nyumba. Baraza halikuwa la wote. Waliolikalia walikuwa watu wa kanzu na vitambi, wenye mali, masharifu, wazungu wenye barua za sultani, watemi na wajumbe wao. Mpagazi aliyeileta ile mali, aliyebeba mgongoni hata lile zulia alilokalia mgeni, hakupanda barazani. Yeye alingojea kambini, chini ya mti au katika vibanda vya nyasi vilivyoachwa na msafara uliotangulia, akipika posho yake na wenzake wa chungu kimoja, na kama si mtu wa nchi ile alingojea kwa gharama ya mwili wake, maana posho ilipopungua, ilipungua kwake kwanza. Miembe mizee ya Tabora, ambayo watu hupenda kusema imeota kutokana na kokwa zilizotupwa na misafara, ndiyo baraza lake, ikiwa tunataka kumtafutia baraza. Na alikuwa mtu wa fahari yake, huyu Mnyamwezi wa mizigo. Safari ya pwani ilikuwa shahada ya uanaume, na yule asiyewahi kuiona bahari alinyamaza wengine walipozungumza.

Kisha walikuwako waliongojea ndani ya ua. Hao hawakutandikiwa mkeka wala kupigiwa barugumu. Waliletwa kutoka Manyema, kutoka ng'ambo ya Tanganyika, wakawekwa nyuma ya ukuta uleule mnene uliomwondolea tajiri joto, mpaka msafara wa kwenda pwani utimie idadi. Wengine walibaki hapohapo, wakalima mashamba ya mpunga uliomtolea mgeni mchele wake mweupe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Lakini utumwa wenyewe katika bara la Tanganyika haukuondolewa na sheria mpaka mwaka 1922, mwaka uleule ambao serikali ya Kiingereza ilifungua shule yake Tabora. Yule aliyeandika barua ya tarehe 1 Mei aliiandika katika nyumba ya namna hiyo, akila mchele wa namna hiyo. Sisemi hivi kumsuta. Alilijua jambo hilo vizuri kuliko sisi, na yamkini ndiyo sababu barua ina uchungu.

Nyumba ileile ilijua kugeuka ngome. Mwezi Agosti mwaka 1871, baada ya Waarabu kushindwa katika vita waliyoitangaza wao wenyewe, Mirambo aliingia Tabora, akamuua Khamis bin Abdallah aliyetoka kumkabili na watu wachache, akachoma sehemu ya mji. Wakimbizi walijaa Kwihara. Stanley alitoboa matundu ya bunduki katika kuta za tembe, akakusanya watu 150 wenye silaha, akatweka bendera ya Marekani, akangoja; Mirambo hakuja. Hata vita, Unyanyembe, mwishowe ilikuwa kungoja.

Wajerumani walikuja na haraka. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua na baruti yake mwezi Januari mwaka 1893 kuliko kukamatwa na afisa wao Tom von Prince, boma la mawe likasimama mjini, na mwaka 1912 reli iliyoanzia Dar es Salaam ikafika Tabora. Miaka miwili baadaye ikafika Kigoma, na kwa mwendo wa siku chache ikawa imeiua njia ambayo misafara iliikanyaga kwa miezi. Watu wengi huandika kwamba siku ile Tabora ilikufa. Haikufa, ilihamisha tu mahali pake pa kungojea. Mwaka 1928 ilipokamilika njia ya Mwanza, Tabora ikawa njia panda, na atokaye Kigoma akitaka kwenda Mwanza alishuka hapo na kukaa mpaka treni yake iitwe. Naye alingoja kwa madaraja, kama zamani: wa tikiti ghali chumbani, na wa daraja la tatu nje, juu ya mizigo yao, wakinunua embe na karanga kwa wachuuzi. Ukimwondoa sheikh barazani ukamweka afisa wa serikali, na ukamwondoa mpagazi kambini ukamweka kibarua wa mkonge arejeaye kwao, utaona kwamba mhandisi wa Kijerumani aliijenga upya, kwa chuma na vigae, sura ileile ya Unyanyembe.

Haya ndiyo ninayotaka yakumbukwe na wale wanaopanga sebule za wazuru katika majengo ya njia kuu. Tangu mwaka 2006 njia hiyo, kwa jina la njia ya kati ya watumwa na pembe, imo katika orodha ya Tanzania ya mahali panapotarajiwa kupendekezwa kwa UNESCO kuwa urithi wa dunia, na ndani yake zimo Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Yaani vituo ambavyo vyote, kila kimoja kwa namna yake, vilikuwa mahali pa kungojea. Bagamoyo wana jengo la Caravanserai, nyumba ya misafara, ambalo kazi yake tangu hapo ilikuwa kuwapokea watu wa safari, na leo mzuru akiingia uani mwake anaketi palepale walipoketi wenye mizigo. Hapo jengo na matumizi yake hayajagombana. Ujiji wana miembe, inayosemwa kuwa vizazi vya ule uliowakutanisha Stanley na Livingstone mwaka 1871, na sidhani kama mjenzi yeyote ataweza kubuni kiti kilicho bora kuliko kivuli hicho.

Kwihara ina tembe lake lililofanywa jipya, mlango wake wa nakshi, ramani na nakala za barua. Watu huenda huko kwa pikipiki na kwa mabasi ya shule, na wanafunzi sitini hawawezi kuingia pamoja katika vyumba vilivyopimwa kwa mapana ya mtu na sanduku lake. Lazima wengine wangoje. Basi, wakingoja, wangojee kama watu wa Unyanyembe. Sioni haja ya viti vya sufu na mashine za kupoza hewa, ambavyo mgeni anavyo hotelini na ambavyo havitamwambia neno. Kiti kirefu cha udongo chini ya paa lililotokezwa mbele, mikeka, mtungi wa maji na kata, mwembe wa jirani, na upande ulioelekea njia uachwe wazi: hizo ni ramani ambazo fundi wa Tabora anazijua pasipo kupelekwa masomoni. Wala nisingependa kuwe na sehemu ya mazulia na sehemu ya vumbi. Mwanafunzi wa Sikonge, ambaye babu wa babu yake alikuwa mpagazi, na mwingine ambaye bibi wa bibi yake aliletwa kutoka ng'ambo ya ziwa, na yule mwenye ukoo Maskati, na mgeni wa Ulaya, wakae kiti kimoja kwa muda wa kungoja zamu, na ukutani mbele yao pawe na picha ya mzigo wa frasila mbili na mzigo wenyewe kando yake, ili atakaye kujua ajaribu kuunyanyua. Dakika kumi za kungoja na mzigo ule zitafundisha kuliko kioo cha makumbusho.

Na kama patahitajika majina ya kuandikwa juu ya kiti hicho, sitaanza na la Livingstone. Watu wake, Susi na Chuma, waliketi Kwihara siku zilezile 164 pamoja naye, wala hakuna aliyezihesabu kwa ajili yao. Agosti walipokuja wale wapagazi 57 kutoka pwani, na kati yao Jacob Wainwright na vijana wenzake waliosomeshwa Nasik nchini India, wote waliondoka pamoja kuelekea kusini. Na mwezi Oktoba mwaka 1873 waliobaki walirejea kwa njia ya Unyanyembe wakiwa na mwili wa bwana wao, uliokaushwa kwa jua na chumvi, ukafungwa katika gome la mti na turubai. Barazani walimkuta Verney Lovett Cameron, afisa wa manowari za Kiingereza, aliyekuwa njiani kwenda kumsaidia Livingstone, akiwa mgonjwa wa homa, naye amengoja hapo tangu Agosti. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo Kwihara, maana njia ya pwani ni ndefu, na mbele yao ziko kabila zisizokubali maiti kupita katika nchi yao. Walikuwa wamekwisha kutembea miezi mingi. Baraza lilikuwapo, kivuli kilikuwapo, na ruhusa ya kutua mzigo ilitolewa na mtu mwenye cheo.

Wakamsikiliza kwa adabu, wakakataa. Huko Kasekera, watu wa nchi walipozuia maiti isipite, walieneza habari kwamba wanairudisha Unyanyembe ikazikwe, wakatuma watu na furushi la uongo warudi nyuma, nao mwili wenyewe wakaufunga upya kwa mfano wa mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida wa njia ile, mpagazi akajitwika, wakaendelea.